Maswali ya Wasomaji: Maua ya Kroshia na Namna ya Kuyaunganisha

Barua tulizopokea kuhusu lesi ya kroshia zinatofautiana kwa maneno, lakini nyingi zinaishia kwenye kero moja: ua mojamoja linafumika vizuri, ila yakishafika ishirini au thelathini hayakubali kuwa kitambaa. Majibu yafuatayo yanatumia majina machache ambayo ni vyema yaeleweke tangu mwanzo. Mnyororo ni ule ufumaji wa msingi wa kuvuta kitanzi ndani ya kitanzi. Mshono mfupi ni ule ambao uzi hauzungushwi kwenye sindano kabla ya kuingizwa. Mshono mrefu huzungushiwa uzi mara moja. Na mshono wa kufungia ni ule wa kuvuta uzi moja kwa moja bila kuongeza kimo. Minyororo kadhaa inayoning'inia kati ya mishono miwili nitaiita tao, na kifundo cha minyororo 3 au 4 kinachofungwa kwenye shina lake ni pikoti.

*Shikamoo mwalimu. Nimefuma maua 30 ya mviringo kwa uzi wa pamba namba 10, kila moja likiwa na matao 16 ukingoni, kwa nia ya kupata kitambaa cha meza. Nimeyamaliza yote na kukata nyuzi, na sasa ninayashona kwa sindano ya mkono. Mishono inaonekana, maua yanavutana, na upande mmoja umekuwa mrefu kuliko mwingine. Je, kazi hii inaweza kuokolewa?*

Marahaba. Inaokoka, na uzi wako mwingi utatumika tena. Tatizo halitokani na mkono wako wa kushona. Ukingo wa ua la lesi umeundwa kwa matao, na tao ni nafasi tupu iliyozungukwa na uzi mmoja tu. Sindano ya mkono ikipita hapo haina pa kushika, hivyo uzi wa kushonea huteleza kando ya tao mpaka ugote kwenye shina lake, na kila ua huvutwa kuelekea pale uzi ulipogotea badala ya pale ulipokusudia. Kushona kwa mkono kunafaa kwa vipande vya mraba ambavyo kingo zake zimejaa mishono iliyosimama bega kwa bega, kwa sababu hapo kila mshono wa kipande kimoja una mwenzake wa kushikana naye. Kwa ua lenye matao, mzunguko wa mwisho ndio kiungo chenyewe, na ndiyo maana haufai kukamilishwa kabla hujajua ua hilo litakaa wapi na litapakana na lipi.

Utaratibu ni huu. Ua la kwanza hufumwa mpaka mwisho. La pili hufumwa mpaka ubaki mzunguko mmoja. Kisha, katika mzunguko huo, ukifika kwenye tao linalotakiwa kushikana na ua la kwanza, usifume minyororo yote 5 kwa mfululizo. Fuma 2, refusha kidogo kitanzi kilicho kwenye sindano na uichomoe sindano. Iingize kwenye tao la ua la kwanza kutoka upande wa uso kwenda nyuma, nasa kitanzi ulichokiacha, kivute kipite ndani ya tao hilo, fuma mnyororo 1 wa kukaza kiungo, malizia kwa minyororo 2, kisha shuka kwenye ua lako kwa mshono mfupi kama kawaida. Mbili na moja na mbili ni 5, kwa hiyo tao lililounganishwa lina urefu uleule wa tao lililo huru, na kitambaa hakipati sababu ya kupinda. Wapo wanaopitisha sindano bila kuichomoa na kufunga kwa mshono wa kufungia. Ni haraka zaidi, lakini kila kiungo huacha kivimbe ambacho kwenye uzi namba 10 hakijifichi. Mimi nakubali kupoteza muda huo wa kuchomoa.

Jambo linalowachanganya wengi ni mpangilio wa matao kwenye mpaka. Maua yote mawili yakiwa yametazama juu, na yote yakiwa yamefumwa kuzunguka upande mmoja, basi pale yanapokutana yanakwenda kinyume. Ukiunganisha tao lako la kwanza na tao fulani la jirani, tao lako la pili halishikani na lile linalofuata kwa mwendo wa ufumaji wa jirani, bali na lile lililotangulia. Anayekosea hapa huona ua limejikunja katikati ya mpaka, akadhani amekaza uzi mno.

Sasa hesabu ya matao 16. Ua likikaa kwenye mpangilio wa mraba lina majirani wanne, kwa hiyo kila robo ya ukingo ina matao 4: unganisha 2 kwa jirani, acha 2 huru, unganisha 2 kwa jirani anayefuata, na kuendelea mpaka urudi ulipoanzia. Matao huru ni muhimu kama yale yaliyoshikana, kwa maana ndiyo yanayozunguka pengo linalobaki katikati ya maua manne. Inawezekana kabisa kwamba katika kushona kwako baadhi ya maua yalishikwa matao 2 upande mmoja na 3 upande wa pili. Hilo peke yake linatosha kuuvuta upande mmoja wa kitambaa.

Kuhusu maua yako 30: lichague moja ulibakize kama lilivyo, na kwa mengine 29 fungua mwisho wa uzi, fumua mzunguko wa mwisho tu, uache uzi wake ukining'inia. Uzi huohuo utatosha kuufuma upya mzunguko pamoja na viungo, maana idadi ya minyororo haibadiliki. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunjakunja. Uloweshe kwa vidole vyenye maji na uuvute taratibu kabla hujaanza. Kwa mistari 5 yenye maua 6 kila mmoja utakuwa na mipaka 49 kati ya ua na ua, na kila mpaka una viungo 2. Yapange maua mezani kwanza, kisha maliza mstari mmoja kabla ya kwenda mwingine, ili kila ua jipya liwe na majirani wasiozidi wawili wa kushikana nao.

*Maua yangu ya mviringo yameshikana vizuri, lakini matundu yanayobaki kati yake ni makubwa kuliko maua yenyewe yanavyopendeza. Mtu ameniambia nijaze kila tundu kwa ua dogo. Je, ni lazima?*

Si lazima. Duara nyingi zikipangwa kwa mistari iliyonyooka juu na chini, karibu asilimia 21 ya eneo hubaki wazi, hata ufume kwa ustadi gani. Ukisogeza kila mstari wa pili kwa nusu ya upana wa ua, ili maua yake yaingie kwenye mabonde ya mstari wa chini, eneo lililo wazi hushuka hadi asilimia 9 hivi. Katika mpangilio huo kila ua lina majirani sita, na tundu huzungukwa na maua matatu badala ya manne. Linakuwa dogo kiasi kwamba matao huru yenyewe yanatosha kulipamba.

Lakini sita haigawi 16. Anayetaka mpangilio wa majirani sita achague ua lenye matao 12, ambapo ataunganisha 1 na kuacha 1, au lenye matao 18, ambapo ataunganisha 2 na kuacha 1. Ua la matao 12 au 24 lina faida ya kukubali mipangilio yote miwili, na ndiyo sababu mafundi wengi hulirudia mara kwa mara. Kama maua yako yana matao 16 na tayari yameshikana kwa mraba, basi kijazio ndicho jibu: kila pengo limezungukwa na matao 8 huru, mawili kutoka kila ua. Fuma pete ndogo ya minyororo 6 na ufunge. Humo fuma mshono mfupi 1, kisha minyororo kadhaa mpaka ifikie tao la kwanza, liunganishe kwa njia niliyoieleza, rudi kwenye pete kwa minyororo idadi ileile, na ufanye hivyo mara nane. Idadi ya minyororo ya kila mkono ipimwe kwa pengo lenyewe kitambaa kikiwa kimelazwa mezani. Ikizidi, kijazio kitalegea. Ikipungua, kitavuta maua manne kwa pamoja na kuleta kishimo ambacho maji wala pini havikiondoi.

Kwa anayetaka kitambaa cha pande sita, mpangilio huu wa mabonde hukua kwa duru: ua 1, kisha 7, kisha 19, kisha 37, kisha 61. Maua 37 yenye upana wa sentimita 8 kila moja hutoa kitambaa chenye sentimita 56 kutoka kona hadi kona, na karibu sentimita 50 kutoka upande hadi upande.

*Baadhi ya maua yangu yanakuwa kama kikombe na mengine yanafanya mawimbi ukingoni, ilhali nafuata kielelezo kilekile.*

Duara hulala likiwa na mishono inayotosha kuzunguka kimo kilichoongezeka. Kila mzunguko unaoongeza kimo fulani huurefusha mzingo kwa zaidi kidogo ya mara sita ya kimo hicho. Kwa kuwa mshono mfupi una kimo kinachokaribia upana wake, nyongeza ya mishono 6 kwa kila mzunguko hutosha. Mshono mrefu una kimo cha karibu mara mbili ya upana wake, kwa hiyo huhitaji nyongeza ya 12. Katika lesi, mnyororo 1 ulio kati ya mishono mirefu huhesabiwa kama upana wa mshono mmoja, au pungufu kidogo kama unaukaza. Ukingo wenye nyongeza pungufu hujikunja kuwa kikombe, na uliozidishiwa hufanya mawimbi.

Hata hivyo, kwa kuwa kielelezo ni kimoja na matokeo ni mawili, namtilia shaka mkono kuliko hesabu. Minyororo ndiyo inayobadilika zaidi kadiri mfumaji anavyochoka au anavyoharakisha, na ua la lesi lina minyororo kuliko kitu kingine chochote. Pima upana wa ua la kwanza kwa rula na uandike. Kisha kila baada ya maua matano pima tena. Likipungua kwa milimita 3 au 4, badili sindano uchukue ya saizi inayofuata kwa ukubwa badala ya kujilazimisha kulegeza mkono, kwa kuwa mkono uliolazimishwa hurudi ulikozoea.

Pia usilihukumu ua likiwa kavu. Liloweshe, likamue kwa kulikandamiza ndani ya taulo bila kulisokota, lilaze juu ya ubao laini au sponji iliyofunikwa kitambaa cheupe, kisha libane kwa pini zisizoshika kutu: kwanza katikati, halafu pini mbili zinazotazamana, halafu nyingine mbili zinazozikata hizo, na kuendelea mpaka kila tao liwe na pini yake. Kikombe kidogo hutoweka likikauka. Mawimbi ni magumu zaidi, kwa sababu pini huweza kuvuta kilichopungua lakini haziwezi kula kilichozidi.

*Mwalimu, nilianza maua kwa kile kitanzi cha uzi kinachovutwa mpaka tundu la katikati lifunge. Baada ya kufuliwa mara chache, matundu yamefunguka na nyuzi zimechomoza. Nilikuwa nimefunga fundo.*

Uzi wenyewe unachangia. Uzi wa lesi wenye mng'ao hupitishwa kwenye magadi makali ya soda, mbinu ambayo Mwingereza John Mercer aliisajili mwaka 1850 na ambayo mwenzake Horace Lowe aliikamilisha mwaka 1890 kwa kuuvuta uzi usisinyae ukiwa ndani ya magadi hayo. Nyuzinyuzi za pamba, ambazo kwa asili ni bapa na zimejisokota, huvimba zikawa za mviringo na laini, ndipo zikarudisha mwanga vizuri na kuwa imara zaidi. Ulaini huohuo unaziondolea msuguano: fundo lililofungwa kwenye uzi huo hulegea taratibu kila linapofuliwa.

Kinachoushika mkia wa uzi ni kubadili mwelekeo. Acha mkia wa sentimita 15, utie kwenye sindano ya mkono isiyo na ncha kali, uzungushe ndani ya mishono ya pete ya katikati duara nzima, kisha ruka mshono mmoja na urudi ulikotoka kwa angalau nusu duara. Kata baada ya hapo. Ukikata baada ya kwenda upande mmoja tu, mkia hurudi njia uliyoingilia. Kwa vitu vitakavyofuliwa mara nyingi, kama foronya, ni salama zaidi kuanza kwa pete ya minyororo 5 au 6 na kuufunika mkia kwa mishono ya mzunguko wa kwanza, ukikubali kwamba kitundu cha katikati kitaonekana. Katika lesi kitundu si aibu. Mkia wa mwisho, ule wa ukingoni, usiupeleke kwenye minyororo ya tao, ambako utaonekana kama kamba nene. Ushushe kwenye mishono mirefu iliyo chini yake.

*Nitajuaje kiasi cha uzi wa kununua kabla ya kuanza?*

Fuma maua 10, uyapime kwa mizani ya gramu, ugawe kwa 10. Tuseme yamefikia gramu 22. Basi kila ua ni gramu 2.2, na maua 37 yatahitaji gramu 81 na zaidi kidogo. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mikia, vijazio na mpaka wa nje, upate kama gramu 90, yaani viringo viwili vya gramu 50. Kupima ua moja peke yake hakufai, kwa kuwa mizani ya kawaida hukosea kwa kiasi kinachokaribia uzito wa ua lenyewe. Nunua uzi wote kwa mara moja na uhakikishe namba ya rangi na namba ya mkupuo wa utiaji rangi kwenye lebo zinafanana. Hata weupe wa viringo viwili hutofautiana.

*Kielelezo kimoja kinaniambia nifume dc, kingine chenye picha inayofanana kinaandika tr. Nikifuata cha kwanza napata ua dogo lililobanana.*

Umekutana na Marekani na Uingereza kwenye meza moja. Mshono mfupi huandikwa sc na Wamarekani lakini dc na Waingereza. Mshono mrefu huandikwa dc na Wamarekani lakini tr na Waingereza. Dalili ya haraka ni kutafuta sc: kielelezo chenye sc ni cha Kimarekani, maana Waingereza hawaitumii. Bila shaka umesoma dc ya Kimarekani kwa jicho la Kiingereza. Vielelezo vya alama havina mgogoro huo: kiduara bapa ni mnyororo, nukta ni mshono wa kufungia, msalaba mdogo ni mshono mfupi, na herufi T iliyokatwa kistari kimoja ni mshono mrefu. Kwa msomaji mwingine aliyeuliza kuhusu kutumia mkono wa kushoto, alama hizo hizo ndizo zimfae: azisome kwa mwendo wa saa badala ya kinyume chake, na ua litatoka kama taswira ya kiooni, bila kasoro yoyote.

*Ninayo maua ya aina mbalimbali, majani, na mawaridi yenye petali zilizoinuka, yote yaliyobaki kwenye kazi tofauti. Hayalingani kwa ukubwa wala kwa idadi ya matao. Je, yanaweza kuwa shali au kola?*

Hiyo ndiyo kroshia ya Ireland, na imejengwa juu ya kutolingana. Ilienea wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 baada ya ugonjwa kuua viazi. Masista wa shirika la Waursula kule Blackrock, karibu na Cork, waliwafundisha wasichana kuifuma, na mwaka 1847 Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa mji wa Clones, aliipeleka huko ili familia zipate kipato. Kazi iligawanywa: mfumaji mmoja aliweza kufuma waridi tu, mwingine jani tu, na wengine wakaviunganisha. Mtu asiyejua jirani yake anafuma nini hawezi kulinganisha matao naye, kwa hiyo kiungo hakikuwekwa kwenye ukingo wa ua bali kwenye wavu unaofumwa baadaye kati ya ua na ua.

Chora umbo la kola au pembe ya shali kwa ukubwa wake halisi juu ya karatasi ngumu na ulihamishie kwenye kitambaa cha pamba cha rangi nzito, ili uzi mweupe uonekane. Panga vipande vyako uso ukiwa chini, ukianza na vikubwa. Vinavyokaa pembeni viuguse mstari wa umbo, kwa sababu mpaka wa nje utavihitaji. Vishikize kwa mishono mirefu ya mkono, katikati na kwenye ncha za petali, ili visihame. Kisha chukua uzi mwembamba kuliko ule uliofumia maua. Kama maua ni ya namba 20, wavu uwe wa namba 40, na sindano ishuke kutoka milimita 1.25 hadi 1. Namba ya uzi ikipanda, uzi huwa mwembamba zaidi, na wepesi huo wa wavu ndio unaoyaacha maua yaonekane yameinuka.

Anza kwenye ukingo wa ua lolote: fuma minyororo 6 hivi ikiwa na pikoti moja katikati, shikilia ukingo wa ua la jirani kwa mshono mfupi, endelea. Hakuna hesabu moja ya kufuata hapa. Penye nafasi pana weka matao mawili, moja likishikilia la chini yake. Penye nafasi finyu tumia minyororo 3 bila pikoti. Ukikwama kwenye kona, panda kwa mshono mrefu uliozungushiwa uzi mara mbili au tatu ili ufike upande wa pili bila kukata uzi. Mafundi wa Clones walikuwa na fundo lao la wavu, linalotengenezwa kwa kuzungusha uzi mara nyingi kwenye mnyororo mmoja na kulifunga kwa mshono mfupi. Hupendeza sana, lakini anayeanza atapata nafuu kwa pikoti. Jaribio pekee la wavu ni kuupapasa: ukiwa umelala juu ya kitambaa bila kuning'inia wala kukaza, uko sawa. Ukikaza, ua litajikunja mara tu utakapokata mishono ya kushikizia, na kurekebisha baada ya hapo ni kufumua.

Kwa shali napendekeza uache petali zilizoinuka zikae mabegani na mgongoni, na uweke vipande bapa pale shali inapokunjwa. Waridi nene likikaliwa halirudi umbo lake.

*Kitambaa cha lesi nilichorithi kina ua moja lililokatika katikati ya maua mengine mazima. Pia kimekuwa cha manjano. Nianzie wapi?*

Anzia kwenye kukifua, kwa sababu hutajua rangi ya uzi wa kutafuta mpaka ujue kitambaa kitarudi weupe kiasi gani. Kwanza pitisha uzi wa rangi nyingine kwenye matao yote yaliyo karibu na ua lililokatika, usije ukapoteza mishono majini. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini kwa saa kadhaa, ubadilishe maji yakichafuka, usisugue. Dawa ya kung'arisha yenye klorini huidhoofisha pamba kuukuu, na ningeiacha kabisa. Ile inayotoa oksijeni ni ya upole zaidi. Mara nyingi manjano ni wanga wa zamani uliobaki kwenye uzi, na maji peke yake huuondoa. Kama unakihifadhi baada ya hapo, kihifadhi bila wanga, kwani wadudu huufuata. Mtindo wa kukazia lesi kwa maji ya sukari siuungi mkono kwa sababu hiyohiyo.

Kikishakauka, kata ua bovu katikati, si ukingoni, na uchomoe uzi wake kipande kwa kipande ukielekea nje. Usiogope kwamba majirani watafumuka: kama waliunganishwa kwa kuvuta kitanzi ndani ya tao, basi uzi wa ua bovu ukitoka, tao la jirani linabaki zima, likiwa limelegea kidogo tu mahali kiungo kilipokuwa. Lihesabu tundu lililobaki: ni matao mangapi ya kila jirani yalikuwa yameshikwa, na mangapi yaliachwa huru. Andika hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayokuambia ua jipya liwe na matao mangapi.

Fuma ua la majaribio lisilounganishwa, ulipime kwenye tundu. Fundi wa zamani huenda alikaza mkono kuliko wewe, au alitumia uzi wa namba ya juu. Badili sindano mpaka ua lako lijae tundu likiwa limebaki nafasi ndogo ya milimita 2 hivi pande zote, ambayo viungo vitaimaliza. Ikiwa uzi mpya ni mweupe kupita kitambaa, uchovye kwenye maji ya majani ya chai yaliyochujwa kabla hujaufuma, uusuuze, uuache ukauke, kisha ulinganishe mchana karibu na dirisha; uzi uliolowa huonekana mweusi kuliko utakavyokuwa. Uzi ukilingana, fuma ua la kweli mpaka ubaki mzunguko mmoja, liweke ndani ya tundu uso ukiwa juu, na uuzungushe mzunguko wa mwisho ukishikana na jirani mmoja baada ya mwingine, ukiutoa ule uzi wa rangi kila tao linapopata kiungo chake.